Nimeshika vepu, lakini sigara nne zimekataa kuniacha

Mpendwa Mshauri,

Asalaam aleikum. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, umri wangu miaka 41, na ninaishi Leicester, Uingereza, na mke wangu na watoto wetu watatu. Nafanya kazi ya ghala, zamu ya usiku, kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Sigara nilianza nikiwa kijana mdogo, na kwa miaka mingi nimekuwa nikimaliza pakiti ya sigara 20 kwa siku. Ya kwanza huiwasha kabla sijanawa uso.

Baada ya kikohozi kilichonitesa msimu mzima wa baridi, daktari wetu alinielekeza kwenye huduma ya kuwasaidia watu kuacha sigara. Walinipulizisha kile kipimo cha pumzi, kikasoma 24. Wakanipa vepu, yaani sigara ya kielektroniki, ya kuanzia, ile ndogo ya podi (kikasha cha kujazwa maji), pamoja na chupa za maji yake yenye nikotini miligramu 20. Nilipovuta nilikohoa mpaka machozi yakanitoka. Muuza duka mmoja wa mtaani akaniambia hiyo ni kali mno kwa mtu anayeanza, nishuke hadi 6, akanipa chupa ya maji mazito anayoyasifu kwa kutoa mvuke mwingi. Nikashuka. Sasa naivuta usiku kucha bila kupumzika, koo limekauka, na podi huanza ladha ya kuungua hata wiki haijaisha.

Matatizo yangu yamefuatana. Kwanza, sigara hazijaisha. Zimebaki nne, siku nyingine tano: ya kuamkia, ya kabla ya kuingia kazini, ya mapumziko ya saa nane usiku na wenzangu, na ya njiani nikirudi alfajiri. Mke wangu hajui. Anaijua vepu tu, na hata hiyo haitaki. Anasema nimehama chumba, sijahama nyumba.

Pili, alikuta vepu ndani ya mkoba wa shule wa kijana wetu wa miaka 14, zile za rangirangi zenye harufu ya embe. Kijana alipoulizwa akajibu, "Si hata baba anavuta?" Tangu siku hiyo mke wangu amesema hicho kidude kisikanyage nyumbani kwetu.

Tatu, Desemba tunasafiri. Wiki moja Muscat kwa dada yangu, halafu Mombasa kwenye harusi ya mpwa wangu. Nasikia Oman hawataki vepu kabisa. Na mama yangu ndiye aliyemuuguza marehemu baba, mvutaji, mpaka mwisho wake. Sitaki anione nikitoa moshi puani, uwe wa sigara au wa kitu kingine.

Juu ya hayo, tangu nipunguze sigara usingizi wa mchana umepotea, moyo unakwenda mbio, na mikono inatetemeka kidogo. Kahawa nakunywa kama kawaida yangu, vikombe sita kwa zamu, kwa hiyo naona ni vepu ndiyo inayoniharibu.

Je, niitupe nimalizie kwa kujikaza? Nirudi kwenye zile plasta za nikotini? Na mke wangu nimwambie nini?

Wako, Baba wa Watatu, Leicester.

*

Kaka yangu Baba wa Watatu, waaleikum salaam.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja. Naona umesimama katikati ya watu watatu unaowapenda: mke aliyechoka, kijana anayekutazama, na mama ambaye hutaki kumrudisha kwenye kumbukumbu ya maradhi ya mumewe. Wote wanaitazama vepu. Nyuma yake zipo sigara nne ambazo hakuna anayeziona isipokuwa wewe. Nitaanza na kifaa chenyewe, kwa sababu nadhani kuna mambo umeyaamini juu yake ambayo hayajakutendea haki.

La kwanza ni hiyo namba 6, yaani miligramu 6 za nikotini katika kila mililita ya maji. Muuza duka alikuambia 20 ni kali kwa anayeanza. Anayeanza nini? Kama ni mtu ambaye hajawahi kuvuta, ni kweli, na mtu huyo hana sababu yoyote ya kuigusa vepu. Wewe ulikuwa na sigara 20 kwa siku, na ya kwanza kabla ya kunawa uso. Sigara moja huingiza mwilini miligramu 1 hadi 2 za nikotini, kwa hiyo mwili wako ulizoea kupata 20 hadi 40 kwa siku. Podi yako, kwa sheria ya Uingereza, haizidi mililita 2. Ukiijaza maji ya 6, ndani yake mna miligramu 12, na si zote zinazofika kwenye damu. Ukiijaza ya 20, ambacho ndicho kiwango cha juu kinachoruhusiwa huko, mna 40. Ukiitazama hesabu hiyo, kuvuta usiku kucha bila kushiba hakushangazi, wala hakuoneshi udhaifu wa nia. Mwili unatafuta kilichopungua, na ukikikosa kwenye podi unakifuata kwenye pakiti ya mwenzako saa nane usiku.

Basi mbona 20 ilikukohoza? Huenda kwa sababu mbili. Kuna nikotini ya kawaida na kuna nikotini ya chumvi. Ile ya kawaida, ikifika kiwango cha 18 au 20, hukwaruza koo vibaya. Ya chumvi hupita laini zaidi kwa nguvu ileile. Soma chupa zako za mwanzo uone zilikuwa za aina gani. Sababu ya pili ni uvutaji. Sigara huvutwa kwa haraka na kwa nguvu, kisha moshi unateremshwa kifuani. Podi ndogo haitaki hivyo. Unavuta taratibu kwa sekunde tatu au nne, mvuke unakaa kinywani kwanza, ndipo unaushusha. Unasubiri nusu dakika kabla ya kurudia. Nikotini ya vepu kwa kawaida hupanda polepole kuliko ya sigara, kwa hiyo jipe dakika chache kabla ya kuamua kwamba haijakutosha. Ukihisi kichefuchefu, kizunguzungu au kichwa kuuma, umezidisha. Iweke chini mpaka hali hiyo ipite.

Ladha ya kuungua nayo ina maelezo. Ndani ya podi kuna koili, waya mdogo unaopata moto, uliozungukwa na pamba. Pamba ikilowa, maji hugeuka mvuke. Ikikauka, pamba ndiyo inayoungua. Maji mazito yanayosifiwa kwa mvuke mwingi yana glisirini asilimia 70 au zaidi, nayo yametengenezwa kwa vifaa vikubwa vyenye koili pana. Kwenye podi ndogo hayawahi kuifikia pamba, hasa mtu akivuta bila kupumzika. Tafuta chupa iliyoandikwa nusu glisirini, nusu propilini glaikoli, ambayo ni nyepesi zaidi. Podi ikiwa mpya, ijaze kisha iache dakika 10 kabla ya kuvuta mara ya kwanza, pamba inywe vizuri. Usiache maji yashuke mpaka chini kabisa. Ikitunzwa hivyo, podi au koili hudumu wiki moja hadi mbili, ingawa ladha tamu sana huichakaza mapema kwa kuacha masizi ya sukari kwenye waya. Ladha ya kuungua ikishaingia haitoki. Badilisha, usiivumilie, kwa sababu pamba inayoungua inatoa baadhi ya kemikali unazozikimbia. Kukauka kwa koo ni jambo la kawaida, maana glisirini na propilini glaikoli zote mbili hufyonza unyevu. Weka chupa ya maji ya kunywa kando yako kazini.

Kuhusu moyo kwenda mbio na usingizi kukimbia, kabla hujaihukumu vepu nakuomba uitazame kahawa. Moshi wa sigara una kemikali za lami zinazochochea kimeng'enya fulani cha ini, na kimeng'enya hicho ndicho kinachovunja kafeini. Mvutaji huivunja haraka kuliko mtu asiyevuta. Kazi hiyo inafanywa na lami ya moshi, nikotini haihusiki, ndiyo maana vepu haiwezi kuchukua nafasi yake. Sigara zikipungua, ini linarudi kwenye mwendo wake wa kawaida, na vikombe sita vilevile vinabaki kwenye damu muda mrefu zaidi. Kutetemeka mikono, moyo kudunda na kukosa usingizi ni dalili za kafeini iliyozidi, na watu wengi huzihesabu kuwa uchu wa sigara, wakairudia. Jaribu kupunguza hadi vikombe viwili au vitatu, vyote kabla ya saa nane usiku, uone wiki moja. Kimeng'enya hichohicho huvunja pia baadhi ya dawa, kama vile theofilini ya pumu, klozapini na olanzapini. Kama unatumia yoyote kati ya hizo, mwambie daktari kwamba unapunguza sigara, kwa sababu huenda kipimo kikahitaji kubadilishwa. Na moyo ukiendelea kwenda mbio hata baada ya kupunguza kahawa, au ukipata maumivu ya kifua, hilo si la kuandikia safu hii. Ni la kumwona daktari siku hiyohiyo.

Sasa tuzungumze kuhusu zile nne.

Kutoka 20 hadi 4 ni kazi kubwa, na sisemi hivyo kukufariji tu. Lakini moyo haupigi hesabu kama sisi. Tungedhani aliyepunguza sehemu nne kati ya tano amepunguza hatari kwa kiasi hicho. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la kitabibu la BMJ, uliokusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali, ulionesha kwamba mtu anayevuta sigara moja tu kwa siku bado anabeba karibu asilimia 40 hadi 50 ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo na kiharusi anayoibeba mvutaji wa 20. Mishipa ya damu huumizwa hata na moshi kidogo. Kwa hiyo hali uliyonayo sasa, vepu pamoja na sigara chache, inafaa kama daraja la wiki kadhaa. Kama makao, haikupi kile ulichokifuata pale kituoni.

Kile kipimo cha pumzi kinapima kaboni monoksidi, gesi inayotokana na kitu kinachoungua. Vepu inayofanya kazi sawasawa haichomi tumbaku, na namba ya kipimo haipandi kwa sababu yake. Kinachopimwa pale ni zile nne peke yake. Ukipita siku moja au mbili bila sigara hata moja, namba hushuka kuwa kama ya asiyevuta. Wapo watu ambao kuiona namba hiyo kumewasaidia kuliko mawaidha yoyote, na huenda mke wako naye angependa kuiona.

Ukizitazama moja moja, si sawa. Ya kuamkia ni njaa ya nikotini, maana umelala saa kadhaa na kiwango chake kwenye damu hupungua kwa nusu kila baada ya saa mbili hivi. Hapo ndipo plasta inasaidia, ile ya saa 24 yenye miligramu 21, kwa sababu inaendelea kutoa nikotini ukiwa umelala. Si lazima uchague kati ya plasta na vepu. Huduma za kuacha sigara za Uingereza huwapa wavutaji wazito vyote viwili: plasta inashika msingi, vepu inazima uchu unaokuja ghafla. Ikikuletea ndoto nzito, ivue kabla ya kulala na ubandike mpya unapoamka. Ya saa nane usiku, nadhani, ni ya watu zaidi kuliko nikotini. Wenzako wanatoka nje, nawe unataka kuwa nao. Ungeweza kutoka ukiwa umeshaivuta vepu mara kadhaa kabla ya kuufikia mlango, na ukamwambia mmoja wao, unayemwamini, asikupe hata ukiomba. Ya njiani alfajiri unaweza kuivunja kwa kubadilisha njia au kumpigia mtu simu. Uchu mmoja haudumu. Ni dakika chache, hata kama kwa aliyemo zinaonekana ndefu.

Wengi hupunguza moja moja mpaka zile za mwisho, kisha hukaa hapo miezi, kwa kuwa kila iliyobaki inazidi kuwa tamu. Ndiyo sababu washauri wa vituo vile hupendelea siku moja iliyochaguliwa, na baada ya siku hiyo hakuna kuvuta sigara hata mara moja. Fikiria kama wiki mbili za kutumia kiwango sahihi cha nikotini zinakutosha kuipanga siku hiyo kabla ya safari. Siku tatu za mwanzo ndizo ngumu zaidi, na dalili nyingi hupungua ndani ya wiki nne. Kikohozi kinaweza kuongezeka kidogo mwanzoni, kwa sababu vinyweleo vinavyosafisha njia ya hewa vinaanza tena kazi.

Mke wako anasema umehama chumba, hujahama nyumba. Usiharakishe kumjibu kwamba hajui. Nusu ya anachosema ni kweli. Nikotini ni ileile, na utegemezi bado upo. Jaribio kubwa lililofanywa kwenye vituo vya kuacha sigara vya Uingereza na kuchapishwa mwaka 2019 liliwafuata watu 886 kwa mwaka mzima. Waliopewa vepu waliacha sigara kwa asilimia 18, na waliopewa plasta, chingamu na mfano wake kwa asilimia 9.9. Lakini katika wale walioacha, asilimia 80 ya watu wa vepu walikuwa bado wanaivuta mwaka ulipokwisha, wakati upande wa pili ni asilimia 9 tu waliokuwa bado wanatumia plasta au chingamu. Vepu ilisaidia karibu mara mbili, na ilikuwa ngumu zaidi kuiweka chini. Yote mawili ni ya kweli kwa pamoja.

Nusu nyingine ya neno lake ndiyo ningependa mwizungumze. Kinachoua wavutaji kwa wingi ni moshi: lami, kaboni monoksidi na maelfu ya kemikali za kuungua. Chuo cha Kifalme cha Madaktari cha London kiliandika mwaka 2016 kwamba madhara ya muda mrefu ya vepu huenda yasizidi asilimia 5 ya yale ya sigara. Wapo wataalamu wanaoipinga namba hiyo, wakisema ni makadirio ya wataalamu, kwa sababu vifaa hivi havijakaa sokoni muda wa kutosha kuona yote. Shirika la Afya Duniani liko makini zaidi. Desemba 2023 lilizitaka serikali zidhibiti vepu kwa ukali, na mwongozo wake wa mwaka 2024 wa kuwatibu watu wazima wanaoacha tumbaku unataja vidonge vya vareniklini, sitisini na bupropioni, pamoja na dawa za nikotini, bila vepu. Kwa hiyo mke wako akiwa na wasiwasi, hayuko peke yake. Swali ambalo mnaweza kuulizana ni hili: leo, kwako wewe, vepu imeshika nafasi ya kitu gani? Kama imeshika nafasi ya sigara 20, ni jambo moja. Kama imeshika nafasi ya hewa safi, ni jambo lingine kabisa.

Hapo ndipo tunapomfikia kijana wako, na kwake hesabu hii inageuka. Yeye hana sigara ya kuikimbia. Ubongo wa miaka 14 bado unajengwa, na nikotini huushika haraka kuliko wa mtu mzima. Kumuuzia mtu aliye chini ya miaka 18 ni kosa Uingereza, na zile za kutumia mara moja na kutupa zimepigwa marufuku kuuzwa tangu tarehe 1 Juni 2025. Kama ile ya harufu ya embe ni ya aina hiyo, imepitia mlango wa nyuma, na hakuna anayejua kilichomo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath walipopima mamia ya vepu zilizonyang'anywa wanafunzi katika shule za Uingereza, mwaka 2024, waligundua kwamba takriban moja kati ya sita ilikuwa na spaisi, dawa ya kulevya ya kutengenezwa inayoweza kuuangusha mwili ghafla. Mweleze jambo hilo, bila kelele, kama mtu anayemwogopea.

Kabla ya hapo, muulize. Anavuta mara ngapi? Anaitaka asubuhi kabla ya shule? Anaipata kwa nani? Akikuambia ni wikendi na wenzake, mna nafasi kubwa. Akikuambia anaitaka mara tu anapoamka, utegemezi umeanza, na huduma za kuacha katika maeneo mengi huwapokea vijana wa umri wake. Na lile jibu lake, "si hata baba anavuta," sijui kama alikuwa anajitetea au anauliza. Ungeweza kulichukua kama swali halali. Mwambie umenaswa na nini, kwa muda gani, na kwa nini kidude hiki kwako ni dawa ya maradhi ambayo yeye hana. Maneno hayo yatakuwa na uzito zaidi kama hayajaficha kitu. Vepu yako na chupa zake zifungiwe kabatini, si juu ya meza. Chupa ya mililita 10 ya kiwango cha 20 ina miligramu 200 za nikotini, na mtoto mdogo akiinywa ni hatari ya kifo.

Umeuliza kama uitupe umalizie kwa kujikaza. Wapo wanaoweza, na ukichagua hivyo sitakuambia umekosea. Ila ujue hatari yake: wanaojaribu bila msaada wowote wengi wao hurudi ndani ya wiki chache, na wewe ungekuwa unarudi kwenye pakiti, si kwenye vepu. Njia ya plasta pamoja na chingamu ina faida ya kumtuliza mke wako na kuondoa mvuke machoni pa kijana. Udhaifu wake ni kwamba mkono na kinywa vinabaki bila kazi. Vidonge navyo vipo. Vareniklini huanza wiki moja au mbili kabla ya siku ya kuacha na huendelea kwa wiki 12. Wengi hupata kichefuchefu wakiinywa na tumbo tupu, na ndoto za ajabu. Sitisini ni ya siku 25, vidonge sita kwa siku mwanzoni, na sigara inapaswa kuwa imeachwa ifikapo siku ya tano. Vyote viwili hupatikana Uingereza kwa cheti cha daktari. Kuendelea na vepu kwa kiwango sahihi ndiyo njia ambayo huenda mwili wako ungeizoea kwa urahisi zaidi, lakini inadai kwamba ukubali kubaki na nikotini kwa muda, pengine mwaka, kisha kushuka taratibu: 20, halafu 10, halafu 5, na kila hatua wiki kadhaa. Ukiona kiwango kimeshuka lakini maji unayotumia yameongezeka, mwili unakuambia umeshuka mapema.

Kuhusu safari, hapa nitasema wazi zaidi. Oman imepiga marufuku biashara ya vepu, na mimi nisingeingia nayo Muscat. Kwa wiki hiyo plasta na chingamu ya miligramu 4 zinaweza kukubeba, mradi umeanza kuzizoea nyumbani. Plasta huanguka kwa jasho, kwa hiyo ibandike baada ya kuoga, kwenye ngozi kavu isiyo na mafuta wala nywele, juu ya mkono au mgongoni, uikandamize sekunde kumi, na kesho ubadilishe mahali. Chingamu haitafunwi kama pipi. Unaitafuna mpaka iwashe, unaiweka shavuni, ikipoa unatafuna tena, nusu saa hivi, na usizidi 15 kwa siku. Usinywe kahawa, soda, ndimu wala maji ya ukwaju robo saa kabla yake, kwani uchachu huizuia nikotini isipenye kinywani. Mswaki wa mti na iliki zitaushughulisha mkono na mdomo, na kwa dada yako hakuna atakayeuliza.

Mombasa vepu zinauzwa, lakini ukipitia Muscat huwezi kuwa nayo mfukoni, kwa hiyo huenda ikakufaa kukaa na plasta safari yote. Kama mtaamua kubadilisha njia na usafiri nayo, betri huwekwa kwenye mzigo wa mkononi, kamwe si kwenye sanduku la chini, na podi iwe tupu maana hewa ya ndegeni huifanya ivuje. Na kama mtavuka kwenda Uganda, sheria yao ya tumbaku ya mwaka 2015 inakataza hata kuingiza vepu nchini. Kwenye harusi, hofu yangu ni kahawa chungu barazani, sigara za rejareja zinazouzwa moja moja, na shisha, ambayo Kenya iliipiga marufuku Desemba 2017 lakini watu huivuta faraghani. Shisha ni moshi wa tumbaku inayochomwa kwa makaa, na huo utakurudisha nyuma kuliko vepu yoyote.

Limebaki la mke wako. Siwezi kukuambia umwambie au usimwambie, unamjua wewe. Naweza kukuuliza tu. Anapokasirikia vepu, anapigana na kitu ambacho huenda kinakusaidia, kwa sababu kile kinachokudhuru hajakiona. Akijua, inaweza kuumiza, na inaweza kuwa anahisi tayari, maana harufu ya moshi haijifichi kwa mtu anayelala kando yako. Asipojua, itabidi uzifiche zile nne Leicester, Muscat na Mombasa, mbele ya dada na mama. Kama utaamua kusema, pengine itakuwa rahisi ukimwendea na mpango mkononi: siku uliyoichagua, kiwango kipya, plasta, na ombi kwamba aje nawe kituoni siku moja apulizie kile kipimo baada yako.

Wale wa kituoni pia waambie idadi halisi. Si wa kukugombeza, na hawawezi kujua kipimo kinachokufaa wakidhani umeshaacha. Waombe upewe za kutosha safari yote wiki mbili kabla ya kuondoka, uzijaribu kazini kwanza, na uniandikie ukifika.

Mshauri wako